Rimu Hazikai Sawa? Mwongozo Kamili wa Kupima Ofseti Kabla Hujatoa Pesa

"PCD ni moja, matundu ni matano kwa matano, sasa mbona tairi linasugua?" Swali hili naletewa kila mara, na anayeuliza huwa keshalipa, keshavalisha matairi mapya, na muuzaji keshaacha kupokea simu. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa muulizaji huyo. Nitafika huko. PCD ni kipimo cha duara la matundu ya nati. Kinachosahaulika ni ofseti, yaani rimu inakaa ndani au nje kiasi gani ya gari.

Mwongozo huu ni wa magari madogo ya kawaida yanayoshushwa bandarini hapa Mombasa kutoka Japani: saluni, steshenivagoni, na vigari vya mjini. Pikapu na magari makubwa ya mlima yana mambo yake, siyagusi hapa. Fuata hatua kwa mpangilio. Zinazorukwa na wengi ni ya 4 na ya 5, na ndizo zenye majibu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Futi kamba yenye milimita. Ya inchi peke yake haitoshi.
- Kitu kirefu kilichonyooka: pimamaji ya fundi mwashi inafaa kabisa.
- Venia, ya kupimia tundu la katikati ya rimu na habu, yaani kile kitovu cha gari ambapo rimu hufungwa. Ya plastiki pia ni sawa.
- Uzi na nati nzito ya kuning'iniza. Hiyo ndiyo timazi yako.
- Donge la unga wa chapati. Sifanyi mzaha, utaona kazi yake.
- Chaki, tochi ya simu, karatasi na kalamu.
- Jeki na stendi zake mbili, wili spana, spana ya torki (azima kama huna), na brashi ya waya.

Onyo moja kabla hatujaanza: usiingize mkono wala kichwa nyuma ya gurudumu gari likiwa juu ya jeki tupu. Weka stendi, ziba magurudumu yaliyobaki chini kwa mawe, na ufanye kazi mahali pa sakafu ngumu. Mchanga wa Nyali na jeki hawapatani.

## Hatua ya 1: Jua gari lako lilikuja na nini

Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya mlango kuna karatasi au kibati chenye saizi ya tairi na upepo wake. Hata kama maandishi ni ya Kijapani, namba zinasomeka: kwa mfano 195/65R15.

Halafu tafuta namba za rimu. Huwa zimegongwa nyuma ya spoki, au karibu na matundu ya nati, au kwa rimu za chuma, karibu na vali. Utaona kitu kama 15x6J na pengine ET45, au 45 peke yake. 15 ni kimo cha rimu, yaani kipenyo chake, kwa inchi. 6J ni upana kwa inchi, ukipimwa pale tairi linapokalia, si kutoka ukingo hadi ukingo. 45 ndiyo ofseti, kwa milimita.

Kwa nini uanze hapa? Kwa sababu mwenye gari wa kwanza kule Japani huenda alibadilisha rimu kabla ya kuliuza. Kama tairi lililovaliwa halilingani na kibati cha mlangoni, usichukue rimu zilizopo kama kipimo cha kiwandani. Zipime kama nitakavyoeleza kwenye hatua ya 3.

Umefaulu ukiwa na namba tatu kwenye karatasi: upana, ofseti, na saizi ya tairi.

## Hatua ya 2: Mambo matatu yasiyo na mjadala

Haya matatu yakikataa, rudisha rimu mahali ulipoitoa. Zaidi ya ringi na nati nitakazozitaja, hakuna fundi wa kuyarekebisha kwa usalama.

PCD. Ni kimo cha duara linalopita katikati ya matundu ya nati. Rimu ya matundu manne, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lililo mkabala nalo. Ya matundu matano haina mkabala, kwa hiyo pima kati ya matundu mawili jirani, katikati hadi katikati, kisha zidisha kwa 1.701. Ukipata 58.8 kati ya jirani, hiyo ni 5x100. Ukipata 67.2, ni 5x114.3. Ikiwa ni 65.8, hiyo ni 5x112, ya Mercedes na Audi, na ndiyo inayowaponza watu. Tofauti ya 112 na 114.3 haionekani kwa macho, nati zinaingia kwa kulazimishwa, na stadi (zile skrubu za habu zinazoshika nati) zinabaki zimepinda kidogo kila siku mpaka moja ikatike.

Kwa haraka: Vitz, Probox, Fit na Demio ni 4x100. Premio, Allion, Wish na Impreza za kawaida ni 5x100. X-Trail, Mark X na Harrier ni 5x114.3.

Ukiambiwa "tutachonga tundu kidogo liwe la mayai," chukua rimu zako uondoke.

Tundu la katikati. Hapa ndipo "PCD ni moja" inapowadanganya watu. Premio na Impreza zote ni 5x100. Lakini habu ya Toyota hiyo ina kimo cha milimita 54.1, na ya Subaru ni 56.1. Rimu ya kiwandani ya Toyota haiingii kwenye Subaru, inagota kwenye habu. Ya Subaru inaingia kwenye Toyota lakini inacheza kwa milimita 2, na ukifika mwendo wa 80 au 100 kwenye barabara ya Mtwapa usukani unaanza kutetemeka, kisha unampa fundi wa balansi lawama za bure.

Dawa ni ringi ya habu inayojaza hiyo nafasi: 56.1 kwa nje, 54.1 kwa ndani. Rimu nyingi zisizo za kiwandani zina tundu la 73.1 ili ziingie magari mengi, kwa hiyo karibu kila mara zinahitaji ringi. Kwa hapa pwani mimi napendelea za plastiki ngumu. Za aluminiamu ni imara zaidi, lakini hewa yetu ya chumvi inaziunganisha na habu ya chuma kama zimechomelewa, na siku ya pancha utazitoa kwa nyundo.

Nati. Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi hutumia M12x1.5. Nissan, Subaru na Suzuki ni M12x1.25. Zinafanana sura, na nati isiyo yake huanza vizuri kwa mizunguko miwili kisha inakula meno ya stadi. Halafu angalia makalio ya nati: rimu nyingi za dukani zinataka nati ya ncha ya pia, iliyochongoka kama koni, za kiwandani za Honda zinataka ya mviringo kama tufe, na nyingi za aloi za Toyota ni bapa zenye washa. Nati ya ncha ya pia ndani ya tundu la bapa hushika kwa ukingo mwembamba tu. Italegea.

Jaribu kwa vidole: nati iingie angalau mizunguko 8 kwa uzi wa 1.5, au 10 kwa uzi wa 1.25, kabla haijakaza.

## Hatua ya 3: Ofseti ni nini hasa

Chukua boflo, likate katikati kabisa. Pale kisu kilipopita ndipo mstari wa kati wa rimu. Sasa fikiria uso wa rimu unaolaliana na habu, ule ambao nati zinaukandamiza. Umbali kutoka mstari wa kati hadi uso huo, kwa milimita, ndio ofseti.

Uso huo ukiwa upande wa nje, upande wa barabara, ofseti ni chanya. Karibu magari yetu yote madogo yako hapa, mara nyingi kati ya 35 na 55. Uso ukiwa katikati hasa, ofseti ni 0. Ukisogea upande wa injini, ni hasi, na hizo ndizo rimu zenye mdomo mrefu wa nje ambao vijana wanaupenda.

Watu hukariri kinyume, kwa hiyo soma polepole: namba ya ofseti ikipanda, gurudumu linaingia ndani ya gari. Namba ikishuka, gurudumu linatoka nje.

Kupima rimu isiyo na namba. Laza rimu isiyo na tairi juu ya gunia, uso wa nje ukiangalia chini. Weka pimamaji juu, kutoka ukingo hadi ukingo. Pima kutoka kwenye pimamaji kushuka hadi uso unaokaa kwenye habu. Andika. Kisha pima upana wote wa rimu, ukingo hadi ukingo, na uugawe kwa 2. Toa nusu hiyo kwenye kipimo cha kwanza, kinachobaki ni ofseti.

Mfano: upana wote ni milimita 203, nusu yake 101.5. Kutoka pimamaji hadi uso wa habu ni 143.5. Ofseti ni 42. Na kwa kuwa kingo mbili huongeza takriban inchi 1 juu ya upana unaotajwa, rimu hiyo ya 203 ni ya 7J. Ukisahau inchi hiyo utaondoka ukiamini umenunua 8J.

Rimu ikiwa na tairi tayari, kingo hujificha na vipimo vinakuwa vya kubahatisha. Mwombe muuzaji akuonyeshe namba za nyuma. Akisema zimefutika zote nne, mimi huwa naenda duka la pili.

## Hatua ya 4: Fanya hesabu ya pande mbili

Ofseti peke yake haikwambii kitu. Rimu mbili zenye ET45 zinaweza kukaa tofauti kabisa kama moja ni 6J na nyingine 8J. Unachotaka kujua ni hivi: ukingo wa ndani utafika wapi, na ukingo wa nje utafika wapi, ukilinganisha na ulivyo sasa.

Kanuni ni mbili tu. Geuza upana wa rimu kuwa milimita (zidisha kwa 25.4), ugawe kwa 2, kisha:

- upande wa ndani = nusu ya upana + ofseti
- upande wa nje = nusu ya upana − ofseti

Rimu ya zamani, 15x6J ET45. Nusu ya upana ni 76.2. Ndani 121.2, nje 31.2.

Rimu unayoitamani, 17x7J ET42. Nusu ya upana ni 88.9. Ndani 130.9, nje 46.9.

Tofauti: rimu mpya inaingia ndani milimita 9.7 zaidi, na inatoka nje milimita 15.7 zaidi. Ona jambo hilo: umepunguza ofseti, ulitegemea gurudumu litoke nje tu, kumbe limesogea pande zote mbili kwa sababu limepanuka.

Sasa kisa changu. Saluni yangu ilikuwa na hiyohiyo 15x6J ET45. Nikapenda rimu za 17x7.5J ET35, matundu matano, 5x100, rangi ya bunduki. Muuzaji akaniambia, "Ami, hii inaingia kama glavu." Na kweli iliingia. Peke yangu nilizunguka nayo wiki nzima kutoka Tudor hadi Bamburi bila neno. Jumamosi ikaja harusi Mtwapa: mashangazi watatu nyuma, sufuria la biriani kwenye buti. Kila tuta, sauti ya msumeno. Tulipofika, harufu ya mpira ulioungua ilikuwa imeishinda ile ya biriani, na matairi ya nyuma yote mawili yalikuwa yamechanwa begani.

Ningefanya hesabu ningeliona mapema. Nusu ya 7.5J ni 95.25, toa 35, nje ni 60.25. Kutoka 31.2 hadi 60.25 ni milimita 29 za kutoka nje. Karibu sentimita 3, kwenye fenda ambayo haikuwa na nafasi hiyo.

Usisahau tairi. Tairi ndilo linalogusa kwanza, si rimu. Rudia hesabu kwa upana wa tairi: 195 kwenye rimu ya zamani, nusu yake 97.5, ndani ni 142.5 na nje 52.5. Tairi la 215 kwenye rimu mpya ya ET42: nusu ni 107.5, ndani 149.5, nje 65.5. Kwa hiyo tairi linaingia milimita 7 na kutoka milimita 13. Tumia namba za tairi unapoangalia fenda na sehemu ya juu ya shoki, na namba za rimu unapoangalia vitu vilivyo karibu na rimu yenyewe, kama ncha za usukani.

Umefaulu ukiwa na sentensi moja kwenye karatasi: "Ndani +7, nje +13."

## Hatua ya 5: Pima nafasi iliyopo kwenye gari

Gari liwe chini, juu ya magurudumu yake, usukani umenyooka.

Ndani, mbele. Ingiza tochi nyuma ya tairi uone pengo lililopo kati ya tairi na shoki au kikombe cha springi. Hapo ndipo donge la chapati linapofanya kazi. Toa gurudumu, bandika kipande cha unga mahali panapoelekea kuwa karibu zaidi, rudisha gurudumu ulifunge kwa nati tatu, kisha lizungushe taratibu kwa mkono. Litoe tena. Unene wa unga uliobaki ndio pengo lako la kweli. Ukipata 14 na hesabu ilisema +7, unabaki na 7. Inatosha. Mimi sishuki chini ya 5.

Kwa nini 5 zinatosha ndani? Kwa magari mengi haya, shoki ya mbele imefungwa pamoja na habu, zinapanda na kushuka pamoja, kwa hiyo pengo hilo halibadiliki sana. Nje mambo ni mengine: gurudumu linapanda, fenda inabaki palepale.

Nje. Shika uzi wa timazi kwenye ukingo wa juu wa fenda, uache nati ining'inie. Pima kutoka kwenye uzi hadi ubavu wa tairi, sehemu iliyotokeza zaidi. Kama una 18 na hesabu ilisema +13, unabaki na 5 ndani ya fenda. Tairi likiwa nje ya uzi, usijidanganye kwamba litapanda ndani bila kugusa.

Nyuma. Rudia, lakini tia watu watatu kiti cha nyuma na mzigo kwenye buti kwanza. Ukweli wa upande wa nyuma hujulikana gari likiwa na uzito.

Usukani hadi mwisho. Kata usukani wote kulia, kisha wote kushoto. Angalia kona ya nyuma ya bampa na plastiki ya ndani ya fenda. Ofseti ikishuka, tairi linachora duara kubwa zaidi linapokatwa, na hugusa pale ambapo likiwa limenyooka lilikuwa mbali.

Kalipa. Rimu ya spoki nene inaweza kugusa kalipa ya breki hata kama ofseti ni sahihi. Acha angalau milimita 3. Hili halina hesabu ya kichwani, ni kuijaribu rimu yenyewe.

## Hatua ya 6: Chagua tairi linalolingana

Kimo cha tairi jipya kisitofautiane na cha zamani kwa zaidi ya asilimia 3, na mimi naona 2 ni bora. Kimo = rimu kwa milimita + (upana × asilimia ya ubavu × 2).

195/65R15: 381 + 253.5 = 634.5.
215/45R17: 431.8 + 193.5 = 625.3. Tofauti ni chini ya asilimia 1.5. Kipima mwendo hakitakuongopea sana.

Angalia pia namba ya uzito iliyo baada ya saizi. 91 maana yake ni kilo 615 kwa tairi, 87 ni kilo 545. Tairi la 215/45R17 linapatikana kwa namba zote mbili, na la 87 huwa rahisi kidogo. Kama kibati kinasema 91, nunua 91.

Kisha maoni yangu, uyachukue ama uyaache. Ubavu wa 195/65 ni karibu milimita 127, wa 215/45 ni karibu 97. Umetupa sentimita 3 za mto, na ukipita Changamwe au Magongo nyuma ya malori ya makontena utajua zilikuwa na kazi gani. 205/55R16 inakupa kimo cha 631.9 na ubavu wa karibu 113. Kwa mji huu, 16 ndiyo saizi ya mtu anayetaka kupendeza na kulala.

Rimu za mtumba zikija na matairi, soma namba nne za tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira mzee hauonekani uzee wake kwa macho, hasa ukipakwa dawa ya kung'arisha.

## Hatua ya 7: Kagua rimu na ujaribu kabla ya kulipa

Geuza kila rimu uangalie mgongo wake. Rangi mpya mbele na mgongo mchafu ni kawaida. Mstari wa kuchomelea, mpasuko mwembamba kama unywele ukingoni, au sehemu iliyobonyea na kunyooshwa, hiyo iache. Alama za JWL na VIA ni za viwango vya Japani, lakini zipo rimu za bandia zilizofinyangwa na alama hizo, kwa hiyo zisikutoe macho kwenye mipasuko.

Mpangie muuzaji hivi: "Naomba nijaribu moja mbele na moja nyuma, ikikaa nalipa zote nne." Mwenye bidhaa safi hukubali. Ifunge kwa mkono, izungushe, kata usukani pande zote, tia unga wako. Dakika 20 tu.

Kuhusu spesa, lile bamba linalowekwa kati ya habu na rimu. Spesa ya milimita 5 hupunguza ofseti kwa 5, basi. Inaweza kukuokoa rimu ikigusa shoki kidogo. Lakini inakula urefu wa stadi, kwa hiyo rudi ukahesabu mizunguko ya nati: isipofika 8 au 10 nilizotaja, unahitaji stadi ndefu, au rimu nyingine. Spesa mbili zilizopangwa pamoja, hapana.

Kuhusu kukunja ukingo wa fenda. Inawezekana, na mafundi wazuri wapo. Ila rangi ikipasuka pale kwenye mkunjo, chumvi ya hapa huingia chini yake, na baada ya masika mawili utakuwa unatafuta fundi wa bati.

## Hatua ya 8: Funga

Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya hadi kutu yote iishe. Punje moja ya kutu huinamisha rimu, na utaitibu kwa balansi bila kupona. Paka grisi kidogo sana kwenye ukingo wa katikati wa habu tu, rimu isishikane na chumvi. Usipake kwenye stadi.

Weka ringi, weka rimu, anza nati zote kwa vidole. Kaza kwa mtindo wa nyota, ukirukia upande wa pili kila mara. Shusha gari, malizia kwa spana ya torki: Toyota nyingi ndogo ni 103, Nissan na Honda nyingi ni 108, kwa kipimo cha Nm. Kitabu cha gari lako ndicho kinachotawala.

Huna spana ya torki? Kilo 21 kwenye ncha ya mpini wa sentimita 50 ni karibu 103. Sasa mfikirie yule kijana wa kilo 80 anayepanda juu ya spana hiyo kwa miguu miwili: anatia karibu mara nne. Stadi hukumbuka.

## Hatua ya 9: Jaribu barabarani

Paka chaki mabega yote ya tairi, ndani na nje. Pakia watu wanne. Pita matuta matatu au manne kwa mwendo wa kawaida, kata usukani wote ukienda mbele na ukirudi nyuma mahali penye nafasi. Shuka uangalie: chaki iliyofutika kama mstari ndipo panaposugua.

Kama unavuka feri ya Likoni mara kwa mara, jaribu pia maji yakiwa yamekupwa. Mteremko wa kuingilia huwa mkali, gari hujikunja mbele kisha nyuma, na hapo husugua hata yale yaliyofaulu kwenye matuta.

Halafu nenda mwendo wa 80 hadi 100. Usukani ukitetemeka, angalia ringi za habu kabla ya kulipia balansi ya pili. Gari likivuta upande mmoja kila linapogonga shimo, huenda ofseti imeshuka mno: gurudumu limesogea mbali na mhimili wa usukani, na kila pigo linakuja mikononi mwako. Beringi nayo inapata mzigo uleule, ila yenyewe hunung'unika baadaye.

Fanya alaimenti. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza nati tena kwa kipimo kilekile, rimu zikiwa zimepoa. Nati ikizunguka kidogo mara ya kwanza, sawa. Ikizunguka tena mara ya pili, toa rimu uangalie makalio ya nati.

Na rimu za zamani usiziuze. Watakuja kuziulizia siku hiyohiyo, watakwambia zinakula nafasi. Ziweke chini ya kitanda hadi mpya zimalize mwezi na safari moja ya mzigo kamili.